Gari la umeme kimya, chaja inavuma

Chomeka kebo ya chaja kwenye gari la umeme, kisha tega sikio. Mwanzoni hakuna kitu. Baada ya sekunde chache swichi nzito iliyo tumboni mwa gari inajifunga kwa mlio mmoja mkavu, kama komeo la geti. Inafuata pampu ya maji ya kupozea, inanung'unika chinichini. Betri ikishapata joto, feni ya mbele inaamka, inazunguka kwa muda, inatulia, inaamka tena. Kama kituo ni cha kuchaji haraka, kabati la chuma lililosimama pembeni nalo linaanza kutoa pumzi, sauti iliyo katikati ya feni ya mezani na mashine ya kukaushia nywele saluni. Hiyo ndiyo kelele yenyewe, na si kubwa. Aliyesimama nje ya soko la Kilombero hapa Arusha saa 4 asubuhi hataisikia kabisa. Ndiyo maana wengi wanaoulizwa kuhusu kelele za kuchaji hucheka na kuuliza kelele gani. Lakini swali la ukubwa ni swali baya la kuanzia. Gari la umeme halikuiua kelele ya gari. Limeihamisha, kutoka barabarani mchana hadi kando ya ukuta wa mtu usiku, na Arusha ina sababu za pekee za kuamua mapema ukuta huo uwe wa nani.

Sababu ya kwanza ni kwamba magari ya safari ya nchi hii huzaliwa mara ya pili hapa. Land Cruiser inaingia karakana ikiwa gari la kawaida, inatoka imerefushwa chesisi, imepangwa viti vya watalii na imewekewa paa la kunyanyuka. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutumia gari la safari la umeme katika hifadhi za kaskazini, na baadaye Hanspaul, waunda mabodi wanaojulikana na kila mwongoza watalii mjini, wakashirikiana na Carwatt ya Ufaransa kung'oa injini za dizeli na kuweka mota na betri. Nairobi kazi kama hiyo ilianzwa na Opibus, iliyoundwa mwaka 2017 na tangu 2022 inaitwa Roam. Bidhaa inayouzwa kwa mgeni katika biashara hii, zaidi hata ya hewa safi, ni kimya: gari linasogea hadi karibu na twiga naye haachi kutafuna. Kimya hicho kilivuka mpaka hadi kikawatia hofu watunga sheria. Kanuni namba 138 ya Umoja wa Mataifa inalitaka gari la umeme litoe sauti ya kuwatahadharisha waenda kwa miguu linapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa, angalau desibeli 50 likiwa kwenye mwendo wa kilomita 10, na Umoja wa Ulaya umelifanya hilo kuwa lazima kwa magari yote mapya tangu Julai 2021. Kwa hiyo gari linalazimishwa kulia likitembea, wala kanuni hiyo haina neno kuhusu saa nane linaposimama likichaji.

Tuanze na inakotoka sauti, maana humo ndimo dawa ilimo. Kelele ya chaja ni joto linalotafuta mlango. Umeme wa TANESCO ni wa mkondo geu, betri inataka mkondo mnyoofu, na kuubadilisha ule kuwa huu hakukosi hasara. Chaja ya kilowati 50 yenye ufanisi wa asilimia 95 inapoteza kilowati 2.5, ambazo ni kama pasi mbili za umeme zimewashwa na kufungiwa ndani ya kabati. Ya kilowati 150 inapoteza mara tatu ya hapo. Joto hilo lisipotolewa, vifaa vinaungua, hivyo feni inapuliza, na feni ndiyo inayosikika. Mafundi wa feni wana kanuni ambayo ingefaa kila mnunuzi wa chaja aijue: ukipunguza mzunguko wa feni kwa nusu, sauti yake inashuka kwa takriban desibeli 15. Kwa kuwa sikio letu huona kila desibeli 10 kama sauti imepungua nusu, huo si mshuko mdogo. Feni moja pana inayozunguka taratibu inaweza kutoa joto lile lile linalotolewa na feni nne ndogo zinazokimbia, bila mlio wao wa kukata masikio. Chaja inayosumbua na isiyosumbua zinaweza kuwa na nguvu sawa na rangi sawa. Tofauti yao imo kwenye ukurasa wa vipimo ambao mnunuzi hakuusoma.

Chaja za polepole ni habari nyingine. Kifaa cha kilowati 7 kinachofungwa ukutani kwa kweli ni swichi na kinga tu. Kazi ya kubadilisha umeme hufanywa ndani ya gari lenyewe, na hasara yake ni wati mia kadhaa. Linalosikika ni pampu, na mara mojamoja feni. Anayelaza gari lake barazani Njiro na kulichaji kwa kilowati 7 hana deni kwa jirani. Tunapozungumzia kelele ya kuchaji, tunazungumzia hasa mahali pawili: kabati za kuchaji haraka, na vibanda ambako betri nyingi za pikipiki huchajiwa pamoja. Nitarudi kwenye vibanda.

Nyaraka za watengenezaji wengi huandika kwamba kabati la kuchaji haraka hutoa kati ya desibeli 50 na 65 ukisimama mita 1 kutoka kwake. Namba hiyo husomwa kama hukumu, nayo ni nusu tu ya shauri. Sauti ya chanzo kimoja mahali pa wazi hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili. Chukua ya 65: mita 2 ni 59, mita 4 ni 53, mita 8 ni 47, mita 16 ni 41. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu kelele za usiku, liliweka desibeli 40 nje ya nyumba kuwa kiwango cha kulinda afya ya wanaolala, kikihesabiwa kama wastani wa usiku wa mwaka mzima. Mashine hiyo basi, ikifanya kazi usiku kucha, inahitaji karibu mita 18 za uwazi kabla ya kufika dirisha la kwanza. Sasa ingia Ngarenaro au Unga Limited, mtaa uliopewa jina na kiwanda cha kusaga, uone kama kuna mita 18 kati ya chochote na chochote. Nyumba zinatazamana kwa umbali wa mita tatu au nne. Ukiegemeza kabati kwenye ukuta, ukuta unarudisha sauti na kuongeza desibeli 3 hivi. Ukiliweka kwenye kona, unaongeza zaidi. Fundi aliyechagua kona hiyo kwa sababu kebo ilikuwa fupi hana habari kwamba ameamua jinsi watoto wa nyumba ya nyuma watakavyolala.

Wajerumani wana utaratibu ninaouona wa busara kuliko namba zao. Kanuni zao za kelele huweka kikomo cha desibeli 40 usiku kwa maeneo ya kawaida ya makazi, lakini kilicho bora ni mahali pa kupimia: nusu mita nje ya dirisha lililofunguliwa la jirani, kwa saa ile ya usiku iliyokuwa na kelele kuliko zote. Mwenye mashine haulizwi mashine yake inalia kiasi gani. Anaulizwa kinachofika kwa jirani ni nini. Kwa Arusha swali hilo lina uzito zaidi, kwa sababu nyumba zetu hazikujengwa kuzuia sauti. Dirisha la vioo viwili vilivyozibwa ni kitu cha hoteli. Nyumba nyingi zina nyavu za mbu, vioo vya kuchomeka ambavyo havikutani vizuri, matundu ya hewa juu ya dirisha na dari nyepesi chini ya bati. Sauti inayofika ukutani imeshafika kitandani.

Sababu ya pili ni mlima. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Meru yenye mita 4,566, na jiografia hiyo inaingia kwenye hesabu kwa njia ambazo mwuzaji wa chaja aliyeko Shenzhen au Munich hakuziwazia. Hewa ya kimo hiki ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 13, hivyo feni inalazimika kusukuma hewa nyingi zaidi ili ibebe joto lile lile. Kama mambo mengine yote yangekuwa sawa, mashine ile ile ingelia kwa desibeli 2 au 3 zaidi ya ilivyolia Tanga. Lakini si sawa, maana Arusha ni baridi. Hewa ya nyuzi 15 inaondoa joto vizuri kuliko hewa ya nyuzi 30, kiasi cha kulipa deni la kimo na kubakiza chenji. Tatizo ni kwamba chenji hiyo humfikia tu aliyenunua chaja ambayo feni yake inapima joto na kupunguza mwendo. Zipo chaja za bei ya chini ambazo feni zake zina amri mbili tu, kuwaka na kuzima. Hizo zitapuliza usiku wa Julai wa Arusha kama zinavyopuliza adhuhuri ya Dodoma.

Jambo la pili la mlima ni jinsi unavyobeba sauti. Usiku wa anga safi ardhi hupoa haraka, hewa baridi ikatanda chini na yenye joto ikabaki juu. Katika hali hiyo sauti, ambayo mchana hupinda kuelekea angani na kupotea, hupinda kurudi chini. Kila aliyeamka alfajiri anajua kwamba adhana ya saa hiyo husikika kutoka misikiti ambayo adhuhuri huisikii. Sehemu ya sababu ni utulivu wa mji, na sehemu ni hewa yenyewe. Juu ya hapo, hewa iliyopozwa kwenye miteremko ya Meru huteremka usiku kuelekea mjini, ikibeba sauti pamoja nayo. Kituo kilichojengwa upande wa juu wa mtaa, tuseme Sekei au Ilboru, kinawahudumia walio chini yake kwa kelele kuliko walio juu, na mita zilizotosha mchana hazitoshi usiku. Anayepima saa 5 asubuhi na kuandika ripoti amepima kitu kingine kabisa.

Hapa ndipo pingamizi kubwa huinuliwa, nalo lina haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Arusha ina baa zinazopiga muziki hadi saa 9 usiku, maspika ya mikesha, bodaboda zilizotobolewa ekzosi, vifodi vinavyoita abiria kwa honi tangu kabla ya jua, mashine za kusaga, magereji ya kuchomelea na majenereta. Kuja kulalamikia feni katika mji kama huo, mtu atasema, ni kumwona mbu na kumwacha chui sebuleni. Sikatai kwamba baa ni kero kubwa kuliko chaja. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo zilizotungwa chini yake, zinatosha kuishughulikia baa, na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, imewahi kufunga kumbi za starehe kwa kosa hilo. Lakini pingamizi hili linachukulia kwamba kelele hushindana, kubwa ikaimeza ndogo na mambo yakaisha. Huo ni ukweli wa mchana. Baa hufunga, mikesha ya ibada huisha, vifodi hulala. Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri hata Arusha hunyamaza, na hapo kitu kisicholala ndicho kinachosikika. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2014 unaoitwa BS 4142 umejengwa juu ya wazo hilo. Hautazami ukubwa wa sauti peke yake, hutazama imezidi utulivu wa mahali pale kwa kiasi gani, na huongeza hadi desibeli 6 kwenye hesabu pale sauti inapokuwa na toni moja inayong'ang'ania sikio. Ikizidi utulivu wa mahali kwa desibeli 10 au zaidi, hiyo ni dalili ya athari kubwa.

Toni ndiyo kiini cha ugomvi. Transfoma inayolisha kituo kikubwa ina moyo wa chuma, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, chuma hicho hujinyoosha na kujirudi mara 100 kwa sekunde. Matokeo yake ni mvumo mzito ambao mtu husema anausikia kifuani au kwenye mto. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa mita 3.4 hivi, kwa hiyo uzio wa mbao au michongoma haulizuii. Linazunguka na kupita kama maji. Vipimo vyetu vya kawaida navyo vina uziwi wao. Kipimo cha desibeli kinachotumiwa na maofisa hurekebishwa kufuata sikio la binadamu, na katika hezi 100 marekebisho hayo hupunguza desibeli 19. Ofisa anaweza kusimama uani, akaona namba ya kupendeza, akaondoka na dhamiri safi, na mwenye nyumba akabaki na mvumo wake. Wote wawili wamesema kweli.

Pingamizi la pili ni la haraka: magari yenyewe yako wapi? Ni kweli kwamba asilimia kubwa ya magari ya Arusha yatakunywa dizeli na petroli kwa miaka mingi bado. Lakini gari linaweza kuuzwa na feni inaweza kubadilishwa. Kinachodumu ni zege. Kituo kikishapangiwa kiwanja, kikachimbiwa mtaro wa kebo na kusimamishiwa transfoma, hakihami. Makosa ya mahali hufanywa katika miaka hii ya mwanzo, wakati hakuna anayelalamika kwa sababu kituo kinatumiwa na magari mawili kwa siku. Na nguvu ya soko inasukuma kuchaji kuelekea usiku. Kenya iliidhinisha mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri: shilingi 16 za Kenya kwa yuniti, na 8 katika saa za matumizi madogo, ambazo siku za kazi ni za usiku. Ni sera nzuri, kwa sababu mitambo ya umeme usiku ina nafasi. Tanzania nayo, ikiwa na megawati 2,115 za Bwawa la Julius Nyerere, ina kila sababu ya kuvutia wanunuzi wa umeme wa usiku. Ila ukiifanya saa 8 usiku kuwa saa ya bei nafuu, umeifanya pia kuwa saa ya feni.

Sasa vibanda. Gari la kwanza la umeme ambalo mkazi wa kawaida wa Arusha atalipanda halitakuwa Land Cruiser ya watalii. Litakuwa bodaboda au bajaji. Kigali na Nairobi, Ampersand wamejenga biashara ambayo dereva hachaji betri, anaibadilisha, na Spiro wanafanya hivyo Kenya na Uganda. Kibanda chenye rafu za betri kinakaa penye abiria, yaani katikati ya makazi. Kila betri ina chaja yake, na kila chaja ina feni ndogo yenye sauti nyembamba. Moja haina neno. Tuseme ni desibeli 40 kwa mita 1. Vyanzo viwili vinavyolingana huongeza desibeli 3, kumi huongeza 10, ishirini huongeza 13. Rafu ya betri ishirini basi ni 53, inafanya kazi mchana na usiku, ndani ya kontena la bati ambalo lenyewe linatetemeka. Kontena hilo halitaombewa kibali cha kituo cha nishati. Litaombewa leseni ya biashara kama duka la vocha, na hakuna atakayepima chochote. Nasema hivi bila chuki na bodaboda za umeme. Bodaboda moja ya petroli ikipanda kilima cha Mianzini usiku huamsha nyumba hamsini, na ikiwa ya umeme haiamshi hata moja. Faida ni kubwa mno kuiachia itiwe doa na kontena lililogeuzwa upande usiofaa, feni zikielekea madirishani badala ya barabarani.

Kwenye kambi na hoteli za miteremko ya Meru, kutoka Usa River hadi Momella, hesabu ni rahisi zaidi na visingizio ni vichache. Gari linarudi saa 12:30 jioni, linaondoka saa 12 asubuhi. Hizo ni saa 11 na nusu. Kama betri ni ya kilowati-saa 60 na imerudi tupu kabisa, jambo ambalo dereva makini hatalikubali, kilowati 6 zinatosha kuijaza kabla ya chai. Hakuna haja ya kabati la kuchaji haraka porini, na anayelinunua analipia kelele. Bora zaidi ni kuchaji mchana kutoka kwenye sola, jinsi kambi ya Emboo huko Maasai Mara inavyoendesha magari yake, wakati magari yanaporudi kwa chakula cha mchana. Kinachochekesha, kama si cha kuhuzunisha, ni gari la umeme linalochajiwa kwa jenereta la dizeli lililofichwa nyuma ya jiko: mgeni ameuziwa kimya cha asubuhi, na mpishi amelipia kwa usiku wake. Mtu anaweza kuuliza kama pori lenyewe ni kimya, na jibu ni hapana. Perere mmoja, yule pimbi wa mitini, akianza kupiga mayowe kwenye msitu wa Meru saa 5 usiku hakuna chaja itakayomfikia, na mgeni wa mara ya kwanza hudhani kuna mtu anachinjwa. Lakini perere ana jambo la kusema, kisha ananyamaza asikilize kama kuna wa kumjibu. Feni haisikilizi.

Lipo pingamizi la mwisho, la wawekezaji na wanamazingira kwa pamoja: ukianza kuweka masharti ya kelele sasa, utaua kitu kichanga ambacho kinakuja kutuondolea moshi. Ningelichukua kwa uzito zaidi kama masharti yenyewe yangekuwa ghali. Kugeuza kabati ili feni zielekee barabarani hakuna gharama. Kuliondoa kwenye kona ni mita chache za kebo. Kuagiza chaja yenye hali ya usiku, ambayo baada ya saa 4 usiku hupunguza nguvu na hivyo feni ikapunguza mwendo, ni mstari mmoja kwenye oda, kama umeandikwa kabla ya kulipa. Ukuta wa tofali ulio mrefu kuliko kabati na karibu nalo huzuia sauti ya feni vizuri, ingawa hautauzuia mvumo wa transfoma. Huo unahitaji umbali, na mipira chini ya miguu ya transfoma. Mahali pa vituo vikubwa vya kuchaji haraka papo tayari: kandokando ya barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru, kwenye vituo vya mafuta ambavyo tayari vina taa, walinzi na malori, ambako sauti ya feni inamezwa na ya magurudumu. Gharama kubwa huja baadaye, kwa yule atakayelazimika kuhamisha zege. Na kitu kichanga huharibiwa jina na majirani watatu wenye usingizi mbovu kuliko na fomu ya ukurasa mmoja.

Fomu hiyo inaweza kuwa na mambo machache sana. Chaja yoyote, au rafu yoyote ya betri, yenye feni zinazofanya kazi baada ya saa 4 usiku itaje umbali hadi dirisha la karibu la kulala, upande feni zinakoelekea, na sauti inayotarajiwa kufika dirishani, siyo inayotoka kwenye mashine. Halmashauri ya Jiji ina maofisa wa afya na wa mipango miji wanaoweza kuisoma, na Meru na Arusha vijijini vivyo hivyo kwa hoteli za miteremkoni. Kisha, kituo kikishaanza kazi, mtu aende na kipimo mara moja. Asiende Julai, wakati mji mzima umejifungia ndani na blanketi mbili. Aende Januari au Februari, usiku wa anga safi, saa 9, watu wakiwa wamelala madirisha wazi na nyavu pekee. Asimame nusu mita kutoka nyavuni, na kabla ya kusoma namba, azime tochi asikilize kwa dakika tano.